Fundi wa Lifti Aliyejiandikia Kosa

Kama umbeya ungefundishwa chuoni, mimi ningekuwa profesa. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa mtu wa kutaka kujua: nani kahama, kwa nini kahama, na kabati lake kamwachia nani. Shangazi yangu aliniita Pua, na hakuwa anasifia umbo. Sasa maisha nayo yana vituko vyake. Nilipokua, serikali ikanipa meza, kiti cha kuzunguka na kitambulisho, nifanye kitu kilekile nilichokuwa nikichapwa kwa ajili yake nyumbani. Kazi hiyo inaitwa upekuzi. Mtu akitaka kufanya kazi mahali penye siri, au kushika funguo za mahali hapo, lazima apate kibali, na kabla hajapata kibali napita mimi, kwake, kwa jirani zake na kwa mabosi wake wa zamani.

Watu wanadhani natafuta wakosaji. Wapi! Wakosaji ni sisi sote. Mtu akiniandikia kwamba aliwahi kufukuzwa kazi kwa ulevi na sasa ana mwaka wa tano hajagusa chupa, huyo hanisumbui. Nitauliza huku na huko kama kweli kaacha, yatakwisha. Anayeninyima usingizi ni yule aliyeandika kwamba aliondoka "kwa sababu za kifamilia". Maana jambo unaloficha ni kamba, na mwingine akiishika ncha yake atakuvuta nayo mpaka umfungulie mlango. Hayo nilikuwa nawaeleza wote wanaokaa mbele yangu, na wengi walitikisa kichwa kukubali huku wakiendelea kuficha.

Miaka ishirini na sita nimesoma fomu za watu, na zote zina ugonjwa mmoja: watu wanajipunguzia. Wanapunguza makosa, wanapunguza madeni, hata uzito wao wanaupunguza. Ndiyo maana fundi huyu wa lifti alinivuruga akili kwa wiki tatu. Yeye alijiongezea.

Kulikuwa na jengo la ofisi la ghorofa kumi na moja, na ghorofa ya tisa ilikuwa na masjala ya siri, yaani chumba cha mafaili ambayo hata mfagizi wake lazima awe na kibali. Lifti zake mbili zilikuwa zimechoka. Kampuni iliyopewa kazi ya kuzitunza ikamchagua mama huyu awe fundi mkuu wa pale, wa kudumu, mwenye funguo za chumba cha mashine kule juu ya paa. Akinyimwa kibali, nafasi inakwenda kwa mwingine, naye anarudi kwenye kazi za kuitwaitwa, leo duka hili, kesho hospitali ile, begi la spana begani, kama alivyoishi miaka kumi na miwili. Nafasi hiyo aliitaka kweli. Alimwambia msimamizi wake kwamba amechoka kuwa mgeni kwenye kila jengo, anataka mashine zake mwenyewe ambazo atazijua hata sauti.

Fomu yake ilikuwa safi, haina mfuto hata mmoja. Nikafika sehemu ya saba, panapoulizwa kama umewahi kuadhibiwa kazini. Wengi huandika "hapana" kabla hawajamaliza kusoma swali. Yeye alijaza mistari yote:

"Miaka kumi na mbili iliyopita, katika kampuni yangu ya kwanza, niligonga muhuri kwenye kadi ya ukaguzi wa lifti bila kukagua breki. Siku chache baadaye lifti hiyo iliteleza ghorofa moja na nusu, na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa ndani akavunjika mkono. Nilifukuzwa kazi. Kosa ni langu peke yangu."

Bosi wangu alikuwa bwana asiyependa kuona faili limelala mezani. Alisoma akapiga makofi.

"Safi sana! Kakiri mwenyewe, na ni mambo ya zamani. Funga faili hilo."

"Nipitie majirani kwanza, bosi."

"Wewe na majirani! Siku utakayokufa utaomba uzikwe karibu na dirisha la mtu."

Nikacheka, lakini pua ilikuwa imeshaanza kuniwasha. Ni yale maneno mawili ya mwisho, "peke yangu". Swali halikuuliza walikuwa wangapi.

Nikaanza na fundi mwenzake, mwanamume mmoja mnene aliyekuwa akila andazi huku amekalia boksi la vifaa. Nikamuuliza mwenzako ni mtu wa namna gani kazini. Akacheka mpaka andazi likampalia.

"Yule? Dada, ukifuatana na yule kazini utazeeka! Breki anaikagua mara tatu. Mkishuka mpaka chini, mmeshafunga begi, anakumbuka kitu, mnapanda tena. Mimi nilishamwambia, hiyo breki ingekuwa mume wako ingekukimbia."

Kwa majirani ikawa hivyohivyo. Mshonaji wa nyumba inayofuata alinieleza kwamba fundi akifunga mlango wake asubuhi huusukuma, akaondoka, akarudi kuusukuma tena, na mtaa mzima ulishazoea kumcheka. Alikuwa anaishi na binti yake wa miaka kumi na miwili, mume alishakwenda zake zamani, na hakuna aliyewahi kumsikia akigombana na mtu. Nikajiambia, labda ajali ndiyo iliyomtia woga. Mtu akishaungua, hata jiko lililozimwa analishika kwa kitambaa. Basi nitafute anayemjua tangu kabla ya ajali. Na huyo alimwandika mwenyewe kwenye fomu, mahali pa wadhamini: mjomba wake, fundi lifti mstaafu, ndugu wa mama yake, aliyemlea na kumfundisha kazi.

Nilimkuta mzee sebuleni, kiti chake kimegeuziwa redio. Nilipoingia aligeuza sikio, si uso, nikaelewa kwamba haoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hicho cha kulia kwako. Hicho kingine mguu wake mbovu, kilishamwangusha mjumbe wa nyumba kumi."

Alikuwa mcheshi, mzee yule, na alipenda kusikilizwa. Akanieleza kwamba dada yake alifariki akimwacha mtoto wa miaka saba, akamchukua yeye, akamsomesha, na alipomaliza shule akamwingiza kwenye kampuni aliyokuwa akifanya kazi.

"Walinicheka, mwanamke kwenye lifti! Nikawauliza, kwani lifti inajua nani kavaa suruali na nani kavaa gauni? Ndani ya miaka miwili akawa anawasahihisha wao." Akafurahi peke yake kidogo. "Tulikuwa tunafanya kazi pamoja. Kule kila fundi alikuwa na muhuri wake wa mpira wenye namba, ukimaliza kukagua unagonga kwenye kadi. Wangu kumi na tatu, wake kumi na nne. Yote miwili tuliiweka kwenye kopo moja la maziwa."

"Na kabla ya ajali ile, mzee, alikuwa mzembe?"

Uso ukambadilika hapohapo.

"Hata siku moja. Ndiyo maana niliumia. Angekuwa mzembe tangu mwanzo ningesema ndiye yeye basi. Lilikuwa jengo lenye lifti mbili. Yeye alipangiwa ya kulia, Jumatano. Mimi ya kushoto, Alhamisi. Mimi nimefanya yangu, yeye kagonga muhuri akaenda zake. Nilikwenda mwenyewe hospitali kumwona yule mwalimu. Nikamwambia mpwa wangu kazembea, nisamehe mimi niliyemfundisha." Akapapasa kitufe cha redio bila kukizungusha. "Mwaka mzima sikusema naye. Baadaye nikamsamehe. Ningefanyaje, ni mtoto wa dada yangu."

"Na macho, mzee, yalianza lini kukusumbua?"

"Baada ya kustaafu," alijibu haraka. "Baada. Labda kabla, kidogo. Kidogo tu, sikuhitaji macho mimi, mashine zile nilizijua kwa mkono."

Hilo nililiandika.

Kesho yake nikaenda kwenye ile kampuni ya zamani kuomba faili la ajali. Katibu muhtasi alilipuliza vumbi likaniingia mimi puani. Ndani mlikuwa na barua ya fundi ya kukiri, mistari minne: nilikwenda Jumatano, niligonga muhuri bila kukagua, naomba radhi, saini. Nyuma yake kulikuwa na nakala ya ukurasa wa kitabu cha wageni cha getini. Mtu alikuwa amejisumbua kuitoa nakala, lakini nadhani hakuna aliyeisoma, kwani mtu akishakiri nani atahangaika tena na karatasi? Mimi nikaisoma. Jumatano waliingia fundi bomba, mgeni wa ghorofa ya tatu na mleta magodoro. Fundi lifti hakuna. Alhamisi, saa tatu asubuhi: "Fundi lifti, mtu mmoja."

Nikawaza, labda kachanganya siku, labda alikwenda Alhamisi. Lakini tarehe ile ya Alhamisi nilikuwa nimeshaiona mahali, nayo ikanikaa kichwani njia nzima mpaka ofisini. Nikafungua fomu yake. Sehemu ya pili, watoto. Binti mmoja. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo hiyohiyo.

Jamani! Niliinuka kwenye kiti, nikakaa tena. Nikaomba barua hospitali, ikaja baada ya siku nne: mama alipokelewa alfajiri saa kumi na moja, akajifungua saa nane mchana. Mtu hawezi kuwa leba na juu ya paa kwa wakati mmoja. Jumatano hakufika pale, Alhamisi hakufika pale, lakini kadi ya lifti ya kulia ilikuwa na muhuri namba kumi na nne.

Nilishika tama mpaka chai ikapoa. Nimeona watu wakificha wizi, ndoa, watoto, hata kifungo. Sijawahi kuona mtu akichukua kosa la mwenzake akalificha nyumbani kwake kama mali.

Nikamwita. Alikuja na ovaroli iliyofuliwa, kucha zimekatwa, begi akaliweka chini taratibu lisilie. Mwanamke mfupi, mtulivu, mwenye macho yanayokagua chumba kabla ya kukaa. Nikammiminia maji, nikamwomba anisimulie ile Jumatano. Akasimulia vizuri mno, neno kwa neno kama kwenye barua yake ya miaka kumi na mbili. Nikaweka mezani karatasi mbili, ya getini na ya hospitali.

Alizisoma. Akanywa maji yote.

"Hakuna anayejua," akasema. "Hata mjomba hajui."

"Nieleze, Fundi."

"Jumatano nilijisikia vibaya nikarudi nyumbani. Nilisema nitamwambia kesho yake kwamba ya kulia sijaigusa. Alfajiri uchungu ukanishika. Yeye akaenda peke yake, akafanya ya kushoto, akataka kutoa muhuri wake kwenye kopo, akatoa wangu. Akataka kugonga kadi yake, akagonga ya kulia. Mama, alikuwa haoni! Nilikuwa najua haoni. Nilikuwa nampangia spana kwenye begi kwa saizi ili azijue kwa vidole. Alibakiza miezi minne astaafu. Wangegundua, wangefungua kila kadi aliyowahi kugonga, miaka thelathini yote, waseme ni kazi ya kipofu. Muhuri ulikuwa wangu. Waliponiuliza, nikasema ndiyo."

"Na huyo mzee kakununia mwaka mzima!"

"Alikuwa na haki. Alivyojua yeye, alikuwa na haki." Akainua uso. "Sasa kosa langu liko wapi? Wenzangu wanaficha makosa, mimi nimeongeza. Nimemdhuru nani?"

Hapo nilipandwa na hasira, siwezi kuficha. Hasira ya kumpenda mtu ambaye anajikata mguu mbele yako.

"Fundi, ile kadi ilikuwa na ubaya gani? Ilisema kitu ni sawa kumbe hakuna aliyekitazama. Na hii fomu yako ina ubaya huohuo. Mimi sipimi ukubwa wa makosa. Napima kama karatasi uliyotia saini naweza kuipandia mpaka ghorofa ya tisa."

Akawa kama kapigwa kofi. Sikunyamaza.

"Halafu umenionyesha jambo lingine. Kuna mtu mmoja duniani ambaye kwa ajili yake utaandika uongo, utausaini, na utaushikilia miaka kumi na mbili bila kupepesa jicho. Anayetaka kuingia masjala hana haja ya kuvunja mlango. Akimjua mjomba wako inatosha."

"Mjomba hawezi kuniomba kitu kama hicho!"

"Sijasema yeye. Nimesema mtu anayejua unachomfichia."

Nikamweleza utaratibu, maana ni haki yake. Faili linafungwa Ijumaa saa kumi. Kabla ya hapo anaruhusiwa kurekebisha maelezo kwa mkono wake mwenyewe, na aliyerekebisha kwa hiari yake hatazamwi sawa na aliyekamatwa. Lakini mimi siwezi kumwandikia. Na akimtaja mjomba, sina budi kwenda kumuuliza mjomba. Asiporekebisha, nitaandika kwamba si mkweli, na hapo hata kazi ya kufagia jengo lile hatapewa.

"Basi andika si mkweli," akasema, akachukua begi. "Mpeni mwingine. Siwezi kumfanyia mzee wa watu hivyo."

Akatoka. Aliufunga mlango, akausukuma kuhakikisha.

Bosi akaniambia habari imekwisha, andika hafai, kesho tushike lingine. Alikuwa sahihi kikazi. Nikachukua kalamu nikaiweka, nikaichukua tena. Nilimwambia nina mpaka Ijumaa, na kabla ya Ijumaa asinifuatefuate. Akaniangalia kwa jicho la pembeni akaenda zake.

Ijumaa saa nne asubuhi simu ikalia.

"Mama, ni mimi wa lifti. Jana nilikagua lifti ya hospitali. Nimekagua mara tatu, kila kitu kizima, lakini nilipotaka kugonga muhuri nikaurudisha mfukoni. Umeniharibia kazi yangu kwa maneno yako." Akashusha pumzi. "Njoo kwa mjomba saa nane. Nitamwambia mbele yako, usije ukasema nimempanga."

Nilifika saa nane kasoro. Mzee alifurahi kunisikia, akanionya tena kuhusu kiti. Fundi alikaa kwenye kigoda mbele yake, karibu sana, magoti yanakaribia kugusana. Akamwambia. Hakuzungukazunguka. Jumatano sikufika, mjomba. Alhamisi nilikuwa leba. Ile kadi uliigonga wewe, kwa muhuri wangu.

"Hapana," mzee akasema. Alisema kwa upole kama anayemsahihisha mtoto. "Wewe ya kulia ulikuwa umeshaifanya. Nilipomaliza ya kushoto nikasema ngoja nimwangalizie mpwa wangu kazi yake. Nikaigusa mashine yako, nikakuta ina grisi mbichi. Nikasema vizuri, kaipaka jana."

Mzee alikuwa na mkono hewani, vidole vinasuguana, na nikaona jinsi alivyokuwa akirudi polepole kwenye kile chumba cha juu ya paa, kwenye mashine mbili zilizopakwa rangi moja.

"Grisi ya jana haiwi mbichi hivyo," akasema mwishowe. "Ilikuwa ya kwangu. Niliishika mashine ileile mara mbili."

"Ndiyo, mjomba."

"Na ulijua?"

"Nilijua siku waliponionyesha kadi."

Nilitegemea alie. Alipiga mkono wa kiti kwa nguvu mpaka redio ikaruka.

"Nani alikuomba? Nakuuliza wewe! Nani alikuomba?"

"Nilikuwa nakulinda, mjomba."

"Ulinilinda na nini? Nimekutukana mbele ya mgonjwa hospitalini! Nimekaa mwaka mzima humu ndani najivunia hasira yangu! Mtoto alipotimiza siku arobaini walikuja kuniambia njoo umwone mjukuu, nikasema simtaki machoni pangu, yeye na mama yake. Machoni pangu! Na macho yalikuwa bado yapo, mwanangu. Yalikuwa mabovu, kadi sisomi, lakini mtoto ukimpakata karibu na dirisha ningemwona. Ungeniambia siku ile ningekasirika wiki moja, ningefukuzwa, ningeaibika, halafu ningempakata. Nilipokuja kukusamehe yalikuwa yameshazima."

Fundi alijifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti. Mimi nina miaka ishirini na sita ya kuketi mbele ya watu wanaolia, na siku ile niligeukia ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Alivyomaliza kulia akachukua karatasi, akaiweka juu ya begi la spana, akaandika. Ukurasa mzima, bila kuinua kichwa. Mzee akauliza kama na yeye anaruhusiwa kutia saini. Nikamwambia anaruhusiwa kutoa maelezo yake. Fundi alitaka kumshika mkono amwelekeze mahali pa kusaini, mzee akamsukuma. Alitia saini peke yake, ikaangukia katikati ya maneno, na ndivyo ilivyokwenda kwenye faili.

Kibali kilitoka. Kilichukua wiki tano badala ya tatu, kwa mabishano, na kilikuwa cha mwaka mmoja kwanza, kwa sharti kwamba wataniletea tena faili lake. Mmoja wa wakubwa alisema mtu aliyedanganya miaka kumi na mbili ni mwongo mzoefu. Mwingine akamjibu kwamba amemwona mtu huyo akilipa bei yote ya kuacha uongo, na kwamba hajui wangapi mle chumbani wangeweza. Mimi niliulizwa maoni, nikasema ningepanda lifti yake.

Lakini Ijumaa ile tulikuwa bado hatujayajua hayo. Tulikuwa bado sebuleni, watu watatu tusiojua pa kuweka mikono, pale binti alipoingia kutoka shule. Akasalimia wote, akatutazama tulivyovimba macho, akaweka mkoba chini bila kuuliza kitu. Mtoto mwenye adabu.

"Mpekuzi, hujaondoka?" mzee akaita.

"Nipo, mzee."

"Wewe kazi yako ni kusema kweli?"

"Kuitafuta, mzee."

"Basi itafute hapo ulipo. Huyu mtoto, tangu anatambaa wote wananiambia anafanana na mimi. Paji la uso langu, pua yangu, kila kitu changu. Mama yake ndiye kinara. Ni kweli?"

Nilimtazama Fundi. Alianza kunitikisia kichwa kwa siri nikubali, akaacha katikati, akainamisha macho. Nikamtazama mzee, kisha nikamtazama mtoto vizuri, kama ninavyotazama picha za faili.

"Hapana, mzee. Hafanani na wewe hata kidogo."

Binti akacheka. Mzee hakucheka, akanisogezea sikio.

"Eleza."

"Uso wake mrefu. Nyusi nene, zinakaribia kukutana. Ana mwanya mpana mbele. Sikio la kushoto limetoka nje kidogo kuliko la kulia. Akicheka, jicho moja linafumba kabla ya jingine."

Fundi akainua kichwa na kumtazama bintiye kwa mshangao. Yeye mama yake alimfia akiwa na miaka saba, na picha hawakuwahi kuwa nayo.

"Huyo ni dada yangu," mzee akasema. "Huyo ni dada yangu mtupu. Miaka yote hii yuko humu ndani." Akanyoosha mkono kuelekea kule kicheko kilikotoka, na binti akausogelea. "Endelea, mwanangu. Usiache kitu."